Tandiko la Nailoni la Tamsen

Kwa miaka arobaini na tatu Thurman Skoglund alishona matandiko ya ngozi katika kijiji cha Ten Sleep, chini ya milima ya Bighorn, na katika miaka yote hiyo hakuna tandiko la nailoni lililovuka kizingiti cha karakana yake. Watu waliyasifu kwa wepesi. Yeye aliyaita mahema yenye pembe. Mtu akimletea moja lililofumuka mshono, humwelekeza kwa fundi viatu, tena kwa upole, kama anayempa pole ya msiba.

Kwa hiyo bintiye Leta alipokuja mwezi wa Aprili na kumwambia kwamba mwanawe wa kike, Tamsen, ametimiza miaka minane na anataka kwenda na wachungaji kupeleka ng'ombe mlimani, mzee hakuwaza mara mbili. Alipanda ngazi hadi darini akaliteremsha tandiko dogo alilomshonea Leta mwenyewe zamani zile. Lilikuwa la ngozi nene ya fahali, limenakshiwa maua ya waridi mwitu pembeni, na pembe yake ya mbele iling'aa kwa kushikwashikwa na watoto watano wa ukoo ule.

"Hili hapa," akasema. "Bado lina nguvu kuliko mimi."

"Najua, Baba. Ila na sharti la Royce unalijua."

Royce ndiye aliyesimamia ng'ombe na wachungaji wote wa upande ule. Sharti lake lilikuwa moja: asiyeweza kumtandika farasi wake mwenyewe abaki nyumbani akamenye viazi.

Wakamtoa Maple, farasi jike mzee mwenye rangi ya asali. Tamsen alilikumbatia tandiko, akalipandisha hadi kifuani, akayumba, akakaa kitako kwenye vumbi, tandiko juu ya mapaja. Akainuka. Mara ya pili lilifika kwenye mbavu za Maple likateleza. Mara ya tatu farasi mwenyewe aligeuza shingo akamtazama, kana kwamba anamwonea huruma.

Tamsen alizaliwa miezi miwili kabla ya wakati wake, na mpaka leo mikono yake ilikuwa myembamba kama mipini ya nyundo. Hakulia. Alijipangusa suruali akasema, "Linanishinda, Babu. Si kwamba sitaki."

Mzee alilibeba tandiko akaenda kulitundika kwenye mizani ya kupimia sufu. Ratili ishirini na saba. Kisha akamwambia mtoto naye aning'inie pale kwenye ndoano. Ratili hamsini na mbili. Thurman alisimama akiitazama ile mizani. Alikuwa amepima unene wa ngozi maisha yake yote, amepima migongo ya farasi, amepima makalio ya wanaume wa kila umbo. Mikono ya mtoto hakuwahi kuipima.

Jumamosi wakaenda mji wa Worland, kwenye duka la Corliss, mama mmoja mnene mcheshi aliyekuwa akiuza vifaa vya farasi tangu alipofiwa na mumewe.

"Mzee Skoglund!" Corliss akapiga kelele. "Umepotea njia, au macho yangu yameanza kuniacha?"

"Nionyeshe yale mahema yako," mzee akajibu. "Na usicheke."

"Sicheki mie." Na hapo akacheka hadi akashika kaunta.

La kwanza mzee aliliminya kwa viganja viwili, mbele na nyuma. Ndani yake kiunzi kikalia kama kijiti kinachotaka kukatika. Akalirudisha mahali pake. La pili lilikuwa la rangi ya waridi, limejaa vito vya kioo, na Tamsen alikuwa ameshalikalia kabla hawajamwambia. Mzee akapitisha mkono kati ya mgongo wa mtoto na ukingo wa nyuma wa tandiko. Kidole kimoja tu kikaingia.

"Hili atalikalia mpaka Jumatano," akasema. "Alhamisi litamkataa."

"Basi chukua kubwa kabisa," Corliss akamshauri. "Kila mzazi ananiambia hivyo, mtoto atalijaza mwenyewe."

"Tandiko si koti, Corliss. Koti likikuzidi unakunja mikono. Tandiko likikuzidi unaelea, na anayeelea atakuja kuokotwa chini."

La tatu lilikuwa la kahawia, halina pambo lolote, inchi kumi na tatu za kukalia. Vidole vinne viliingia nyuma ya Tamsen, navyo vilitosha kwa mwaka huu na ujao. Mikanda ya vikuku vya kukanyagia ilikuwa na matundu mengi, kwa hiyo vikuku vingeteremshwa kadiri miguu inavyorefuka. Mzee akaligeuza juu chini, akafumba macho, akaingiza mkono ndani. Akapapasa mbao mbili za kiunzi zinazolala juu ya mgongo wa farasi, akapapasa uwazi uliopita katikati yake kwa ajili ya uti wa mgongo. Akarudia. Corliss akaacha kutabasamu.

"Nani katengeneza hili?"

"Kiwanda tu, mzee. Sijui ni nani."

"Kuna mtu," Thurman akasema taratibu, macho bado yamefumbwa. "Kuna mtu huko anayeujua mgongo wa farasi kama ninavyoujua mimi. Na bado amelifanya hivi." Akalinyanyua kwa mkono mmoja. Ratili kumi na tatu. Alijihisi kama mtu aliyeishi miaka yote katika nyumba yake halafu akaonyeshwa mlango asioujua.

Corliss aliwaruhusu kwenda nalo kwa siku tatu wakalijaribu. Nyumbani mzee aliliweka juu ya Maple bila pedi, kile kitambaa kinene cha chini, akahakikisha limeinuka vidole viwili juu ya bega. Kisha akaweka pedi, akamzungusha farasi kwa nusu saa, akalivua na kutazama jasho. Mgongo ulikuwa umelowa sawasawa pande zote mbili. Hapakuwa na sehemu kavu hata moja ya kuonyesha kwamba tandiko linambana.

"Haya, Tamsen. Zamu yako."

Mtoto alilishika kwa mikono miwili, akalirusha kwa nyonga kama alivyofundishwa. Likapaa, likatua mgongoni mwa Maple bila kishindo. Leta, aliyekuwa mlangoni na kikombe cha kahawa, aliziba mdomo. Hakuna aliyepiga makofi. Thurman aliona aibu kuvaa kofia, akaivua.

Wakalinunua. Juni wakapanda mlimani na ng'ombe mia tatu. Siku ya pili asubuhi ndama wawili walijitenga wakashuka bondeni, na Tamsen, aliyekuwa karibu, akawafuata. Thurman alikuwa ng'ambo ya bonde, upande wa mawe, aliposikia farasi akikoroma. Alipotazama, miguu ya nyuma ya Maple ilikuwa imezama kwenye kinamasi cha chemchemi hadi mapajani.

"Shuka!" akapiga kelele. "Ruka, mama, ruka!"

Upepo ulichukua sauti. Akamchapa farasi wake, lakini pale mteremko ulikuwa wa mawe matupu, ukikimbia umevunjika. Ilimbidi ateremke hatua kwa hatua, macho hayabanduki kwa mtoto.

Tamsen alikuwa ameshashuka. Alisimama juu ya nyasi ngumu, ubavuni, mbali na kwato. Akainama, akafungua kifungo cha ukanda wa tumboni kwa mkupuo mmoja. Ukanda wa ngozi uliolowa ungevimba ukamkatalia, mzee aliwaza. Mtoto akalivuta tandiko na pedi, akarudi kinyumenyume nalo hadi pakavu, akaliweka chini. Kisha akashika kamba, akasogea mbele, akamwita farasi kwa jina. Hakumvuta. Alimwita tu.

Maple alipumua mara moja. Mbavu zake, sasa hazijabanwa na kitu, zilitanuka. Akajitupa mbele, matope yakalia, akatoka akitetemeka.

Thurman alipofika, Tamsen alikuwa akimkausha farasi mgongo kwa majani. Akarusha pedi, akarusha tandiko, akafunga ukanda. Mzee alitaka kusaidia. Akajizuia. Alimtazama yule kiumbe aliyewahi kulala kwenye kiganja chake kimoja, akaona kwamba hamjui kabisa, kwamba anakutana naye leo.

Royce alifika kwa kasi. "Nani kamtoa farasi matopeni?"

"Yeye."

"Na aliyemtandika tena?"

"Yeye."

Royce akamgeukia mtoto. "Dada, ndama wako wale kule. Utakwenda au nitume mtu?"

"Naenda," Tamsen akasema, akapanda.

Tandiko lile lilimfaa misimu miwili. Msimu wa tatu hata kidole hakikupita nyuma yake, wakalirudisha kwa Corliss, naye akapata mtoto mmoja wa Hyattville aliyelitaka. Thurman aliomba aambiwe siku ya kulijaribu. Alikwenda mapema, akakaa kwenye kiti karibu na mlango, kofia magotini, akimsubiri huyo mtoto ampime kwa vidole.