Kamba Niliyoifuta

Kuna asubuhi moja ambayo hainitoki, mwanangu. Niliondoka mtaa wa Kisenyi bila kuaga, sijui naelekea wapi, kipande cha filamu kikiwa mfukoni mwa shati. Miguu yangu haikujua kutulia. Shule niliiacha mapema na kila kazi niliionja, lakini chumba cha giza cha studio ya picha kilinishika, kwa kuwa nilipenda kuona uso wa mtu ukichomoza kwenye karatasi ndani ya dawa.

Ulikuwa wakati wa vita. Ofisa mmoja alituletea filamu za picha mbili za vijana waliokamatwa, wamepangwa mstari, mikono imefungwa kwa kamba ya katani. Alitaka gazeti liseme wamejisalimisha kwa hiari. Mwenye studio akanipa mimi kazi hiyo, maana kwa wembe hakuna aliyeniweza. Kwenye filamu mambo huwa kinyume: kamba nyeupe huwa nyeusi. Kwenye picha moja nikaikwangua polepole mpaka mikono ikabaki mitupu. Ya pili sikuigusa. Nisikufiche, sikuogopa. Nilifurahia ufundi wangu.

Baada ya wiki chache akaja mama mmoja Mnubi kutoka Bwaise, amelikunja gazeti ndani ya leso. Alitaka tumtolee picha kubwa ya kijana wa tatu kwenye ule mstari, mwanawe.

"Ona, hakufungwa," akasema. "Amekataa tu kurudi kwa mama yake. Na mimi nimemnyima radhi."

Mwenye studio akakohoa, akanitazama. Nikamwambia mama arudi Ijumaa. Hiyo ndiyo aibu yangu: nilikuwa na mdomo, nikanyamaza.

Siku tatu sikushika wembe. Asubuhi ya nne, ndiyo hiyo isiyonitoka, nikachukua ile filamu ya pili, nikatoka. Nilifika mpaka Nakawa, kwenye barabara ya Kenya, nikawaza kudandia lori nisionekane tena. Sijui nini kilinigeuza. Jua likiwa utosini nilikuwa Bwaise, navuka matope ya mafuriko, naulizia nyumba yake.

Nilimkuta akipepeta mchele. "Mtoto wa studio, leo ni Ijumaa?"

"Bado, Mama."

"Basi umenusa chakula."

Nikampa filamu, nikamwomba aielekeze kwenye mwanga atazame mikono. Kisha nikamwambia kwamba kamba ya kwenye picha ya gazetini niliifuta mimi.

Aliitazama mpaka mkono ukamchoka. Hakunipiga. "Nilimnyima radhi mtoto aliyefungwa mikono," akasema. Akaingia ndani, nikamsikia akilitaja jina la mwanawe, akimrudishia radhi yake. Alipotoka aliniuliza kama nimeacha kazi, na kama nina pa kulala. Sikuwa na pa kulala.

"Kitanda chake kile pale. Akirudi, utampisha."

Nililala pale miaka miwili, mwanangu. Hakuna aliyekuja kuniambia nipishe.

Leo huhitaji wembe wala giza. Kidole kwenye simu kinatosha, na kabla chai haijapoa picha imefika kila mahali. Jino la pembe si dawa ya pengo. Kabla hujafuta kitu kwenye picha ya mtu, au kuisambaza iliyofutwa na mwingine, kumbuka ana mama atakayeitazama na kuiamini. Na ukishakosea, usimwambie mtu arudi Ijumaa. Nenda mwenyewe, ingawa miguu inataka Nakawa.

Nakupa radhi yangu. Popote jua litakapokuchwea, umkute wa kukufungulia mlango.