Mbio za Baiskeli za Wanawake, kutoka Mtoni hadi Tegeta

Niliingia mbio hizi kwa sababu ya kazi ya utarishi. Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa nafuma vitambaa katika kiwanda cha nguo, na kwa macho yangu tarishi ndiye mtu pekee pale aliyelipwa mshahara kwa kuzurura. Alipewa baiskeli, mfuko wa barua na mji mzima. Alipostaafu, sie wanawake tukasema kazi hiyo hata sie tunaiweza. Meneja akacheka kidogo, si kwa ubaya, akatuambia kuwa tawi la chama linaandaa mbio za baiskeli za wanawake wafanyakazi. Zingekuwa za siku tatu: Mtoni mpaka Kongowe, Kongowe mpaka Kinondoni, Kinondoni mpaka Tegeta. Muda wa siku zote ungejumlishwa, na mwenye muda mfupi kuliko wote angekuwa mshindi.

"Kati ya wafanyakazi wangu, atakayewapita wenzake ndiye tarishi," akasema.

Nadhani aliamini hakuna atakayevuka Mbagala.

Kiwandani kwetu tulijiandikisha wawili tu, mie na Salome. Salome alikuwa mtu wa Masasi, mrefu, mpole, na baiskeli aliijua tangu kwao, ambako alikuwa akibeba magunia ya korosho. Alifanya kazi chumba cha kusokotea nyuzi, kule ambako vumbi la pamba huelea mchana kutwa kama ukungu, naye alikuwa akikohoa tangu masika. Daktari alimwambia atoke kwenye vumbi lile, ila hakumwambia aende wapi. Tulikubaliana kila mtu ajipiganie mwenyewe, kisha tukakopeshana pampu.

Asubuhi ya safari, Mtoni, tulikusanyika kando ya barabara ya Kilwa tukiwa na suruali za kaki. Kamati ilijadili suruali zile zaidi kuliko ilivyoijadili njia. Ilitaka ziwe za heshima, na fundi akaizidishia heshima hiyo mpaka kila mguu ukatosha watu wawili. Upepo ulipovuma tulivimba kama magunia.

Mwenyekiti wa kamati, Mzee Chande, alisimama juu ya gari la kamati akatoa maelekezo. "Ndugu zangu, fuateni gari hili. Mkilifuata hamtapotea."

Tukaondoka. Mbele alikwenda Rehema, mpishi wa mgahawa mmoja wa makuli kule Kurasini, mwanamke mwenye mapaja ya kazi ambaye kila mtu alisema mbio ni zake. Salome alimfuata kwa karibu. Mie, kabla hatujaumaliza mlima wa Mbagala, nilikuwa wa mwisho, naona migongo tu, kisha hata migongo sikuiona. Baiskeli ya mume wangu ilikuwa nzito, na kila nilipokanyaga ililia kama inanionea huruma.

Basi nikaenda polepole na barabara yangu, nikavuka daraja la Mzinga, nikaingia Kongowe. Chini ya turubai nilimkuta mama wa makamo akigeuza wali. Huyo alikuwa Bi Somoe, mwenyeji wetu.

"Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Wenzio wako wapi?"

"Wako mbele."

"Mbele ya wapi? Hapa ndio mwisho."

Nilidhani ananitania. Nilikunywa maji, nikakaa, nikaanza kuogopa kuwa nimekosea siku. Baada ya muda mrefu lile gari likatokea, na nyuma yake wanawake wote, wamejaa mchanga hadi kwenye nyusi, wamenuna. Kumbe Mzee Chande alipofika Mbagala alikumbuka kuwa mkewe alimwagiza machungwa. Akakata kona kuingia shambani kwa rafiki yake, na wapanda baiskeli wote, kama walivyoagizwa, wakalifuata gari mpaka kwenye shina la mchungwa.

Rehema alikuwa wa kwanza kuzungumza. "Huyu hakulifuata gari."

"Ni kweli," Mzee Chande akasema, huku ganda la chungwa likichungulia mfukoni mwake. "Ndugu Mwajuma, uliambiwa ufuate gari."

"Sikuliona, mzee. Nilikuwa nyuma mno."

Bi Somoe akaweka mwiko chini. "Mwenyekiti, hii ni njia ya Kilwa au njia ya machungwa?"

Kamati ikashauriana. Wali ulikuwa tayari na harufu yake haikuwaruhusu wachelewe. Ikaamuliwa kwamba aliyefika Kongowe kwa barabara ya Kongowe amefika. Ndivyo nilivyoongoza mbio, mie niliyekuwa wa mwisho, na tena kwa muda mrefu wa kutosha mtu kupika na kula. Hata Rehema alicheka, ingawa alicheka huku akinitazama miguu.

Siku ya pili, kutoka Kongowe, nilijua watanimaliza. Lakini kila nilipobaki nyuma nilimkuta Salome mbele yangu tu, anakwenda kwa mwendo wangu, mgongo wake mpana ukinikinga upepo. Anayeendesha nyuma ya mgongo wa mwenzake hufanya kazi nusu. Hilo nililijua siku ile.

"Salome, si tulisema kila mtu ajipiganie?"

"Tulisema. Ila nimefikiri. Mmoja wetu akishika nafasi ya tatu, meneja atasema tatu si kitu. Akiongoza mbio nzima, na mji mzima ukajua, hana pa kutokea. Na anayeongoza ni wewe. Kanyaga, shoga."

Kurasini tulikuta mabehewa ya mizigo yameziba njia. Yakaenda mbele, yakarudi nyuma, yakaenda tena, kana kwamba dereva wa treni amesahau kitu. Rehema, mwenyeji wa pale, aliwaita makuli kwa majina, wakambebea baiskeli wakaipitisha juu ya viungio vya mabehewa, naye akapita. Sie tulisubiri. Aliingia Kinondoni wa kwanza akipunga mkono, na sie tukaingia baadaye. Hata hivyo machungwa ya Mbagala yalikuwa bado yananibeba. Jumla ya muda wangu ilikuwa mbele. Rehema alinifuata, na Salome, kwa sababu ya kunisubiri, alikuwa nyuma ya Rehema kidogo.

Siku ya tatu tulitoka Kinondoni jua likiwa bado jororo, tukashika njia ya Bagamoyo. Nyumba zilipungua, minazi na mikorosho ikaongezeka, na upepo wa baharini ukatupiga ubavuni. Rehema alituacha mapema. Salome akanikinga kama jana. Magoti yangu yalikuwa yamekwisha, lakini nilipiga hesabu kichwani nikaona kuwa akinivuta hivyo hivyo hadi Tegeta, nitashinda. Nilijiona tayari na mfuko wa barua begani.

Tulipokaribia Mbezi jambo fulani likawa linanisumbua masikioni. Kulikuwa na kimya ambacho sikukizoea.

"Salome, tangu Kongowe umekohoa?"

Akavuta pumzi hadi mwisho, akaitoa. "Sijakohoa," akasema, kama mtu aliyepapasa mfuko akakuta kitu kimo. Kisha akaongeza haraka, "Usiongee, unapoteza pumzi."

Kando ya barabara palikuwa na mama anachoma mihogo. Nilishika breki, nikaegemeza baiskeli kwenye mkorosho, nikakaa kwenye kigoda chake.

Salome akageuka, akarudi. "Pancha?"

"Njaa."

"Mwaju, inuka. Rehema anakwenda."

"Namwona. Mama, nipatie wa moto, na pilipili."

"Inuka, nakwambia. Unaongoza wewe."

"Naongoza kwa sababu nilikuwa wa mwisho, Salome. Mie mlango wa chumba cha kufumia nitauingia kesho na nitatoka mzima. Wewe ukirudi kule ndani, utatoka?"

Alisimama ameshika usukani kwa mikono miwili, macho yamemjaa maji, na mama wa mihogo akawa anatutazama kwa zamu.

"Nikimkosa Rehema?" akauliza.

"Basi tutakuwa tumekosa wote, na mie nitakuwa nimeshiba. Nenda."

Alikwenda. Sikuwahi kumwona akiendesha kwa nguvu zake zote. Suruali ile pana ilipiga kelele kwa upepo, na alipofika kwenye kona alikuwa mdogo kama kuku. Nilikula muhogo wangu wote. Ulikuwa mbichi katikati.

Mchana, Tegeta, niliingia wa nne siku ile, midomo inawaka pilipili. Nikawakuta watu wamemzunguka Mzee Chande, aliyekuwa akijumlisha muda kwa mara ya pili kwa kuwa mara ya kwanza hakuamini. Rehema alikuwa amelala chali kwenye majani.

"Amenipita kwenye mlima wa mwisho," akaniambia, "na alikuwa anaimba. Mie nahema, yeye anaimba wimbo wa kanisani. Ningemshika mguu kama ningeufikia."

Salome alikuwa ameziba pengo lote na kuzidi. Alishinda mbio nzima, Rehema wa pili. Aliponiona alinikumbatia hadi baiskeli zote mbili zikaanguka.

Asubuhi iliyofuata tulirudi mjini pamoja, washindani wote, tukipiga soga barabara nzima, tukisimama kila penye maji. Mtoni, mume wangu Athumani alikuwa mlangoni. Aliikagua baiskeli kwanza, kisha mie.

"Umekuwa wa ngapi?"

"Siku ya mwisho, wa nne."

"Si nilisikia unaongoza? Nini kilikuchelewesha?"

"Muhogo."

Akaenda kunichotea maji ya kuoga.

Meneja hakukosa kisingizio. Alisema baiskeli ya kiwanda ni ya kiume. Salome akaipanda mbele yake na suruali yake ya kaki, akazunguka uwanja wa kiwanda mpaka wafumaji wote tukachungulia madirishani, na mzee wa watu akaona aibu, akampa mfuko wa barua. Miezi ikapita, kikohozi hakikurudi.

Mie nilibaki kwenye mtambo wangu, na sitasema uongo, siku zenye joto nilimwonea wivu. Watu wakiniuliza juu ya mbio zile huniuliza kuhusu milima na mchanga. Nilichojifunza ni kwamba milima hupandwa kwa miguu tu. Kazi ngumu kuliko zote niliifanya Mbezi, nimekaa kigodani, natafuna muhogo mbichi, huku kila kiungo kinanisihi niinuke.