Babu Hakubebeshwa

Siku ile, mwanangu, naikumbuka kama jana, ingawa jana yenyewe nimeshaisahau. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne hapa Tabora, na mtaa mzima uliniaminia Kiingereza. Bwana mmoja aliyesimamia vibao vya njia ya zamani ya misafara akaniletea maneno ya Kiingereza niyatafsiri: Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu hadi pwani. Kitenzi chepesi, hata mbuzi angekiweza. Mimi, kwa kutafuta makuu, nikaandika "walibebeshwa". Niliona lina majonzi, lina usomi.

Nikamsomea bibi yangu, aliyekuwa akimenya karanga. Vidole vikasimama.

"Nani alimbebesha babu yangu?"

"Bibi, ni lugha tu."

"Punda ndiye hubebeshwa, wewe! Babu alipatana ujira wake, akajitwika mwenyewe, akafika Bagamoyo, akarudi na nguo za mahari. Wewe hata hapo Urambo hujafika! Waliofungwa minyororo waandikie hilo neno lako, wana haki ya kuliliwa. Babu yangu usimfunge."

Kweli, hadi leo Urambo naisikia kwa wenzangu tu. Lakini siku hiyo miguu ilinipeleka kwa yule bwana.

"Shikamoo, mzee. Naomba tuandike 'walijitwika'."

"Marahaba. Haiwezekani. Huzuni ndiyo inayovuta watu. Kwani si ninyi mnaoambiwa, mzigo mzito mpe Mnyamwezi? Neno moja tu, kijana!"

"Kama ni moja tu, halitakushinda kulifuta. Usipolifuta, nirudishie tafsiri yangu yote."

Sikubanduka mlangoni hadi alipomwita fundi wa rangi.

Bibi hakujua kusoma. Alitaka nimwonyeshe neno lenyewe kibaoni, akalipapasa rangi ikiwa mbichi, kisha akafuta kiganja kwenye shati langu jeupe. "Haya, na wewe jitwike."

Mwanangu, Mwingereza ana neno lake moja, analitumia kubebea kila kitu. Sisi mtoto tunamweleka mgongoni, tunampakata mapajani; mzigo tunajitwika. Usikubali mtu akuchagulie kitenzi cha wazee wako. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: anayekuambia "ni neno tu", halijawahi kumlemea yeye. Kaa mlangoni kwake.

Mungu akukaze shingo, na kila mzigo utakaoonekana kichwani mwako uwe umeupandisha kwa mikono yako mwenyewe.