Pluto Ukutani

Juzi nilipita karibu na shule niliyosomea kule Woodley, nikauona ukuta wa darasa letu, na hasira ya utotoni ikanipanda upya.

Baba alikuwa fundi wa rangi. Alichora sayari zote kwenye ukuta ule akifuata kitabu alichopewa na mwalimu mkuu mwenyewe. Mchana alipomaliza, ukuta ukinuka tapentaini, mwalimu mkuu alituita tuutazame.

"Fundi, hata hawa watoto wanajua Pluto si sayari siku hizi. Futa hiyo kitu."

Wenzangu wakacheka. Baba akasema tu, "Sawa, mwalimu," akapitisha brashi ya rangi nyeupe juu ya Pluto mara moja, akafunga mkebe. Nilimnunia hadi nyumbani. Nilidhani ameogopa.

Mwalimu yule sijamsamehe hadi leo. Lakini miaka yote niliyofanya kazi na Baba baadaye, sikumwona akipaka ukuta mara moja tu, hata wa choo. Alisema rangi ya mara moja haifichi kitu.

Juzi Pluto ilikuwa imejitokeza kwenye kona yake, na chini yake jina lake, kwa mwandiko wa Baba.