Mwanafunzi wa Bi Mwatima

Shemsa binti Abdulla alikuwa msichana wa miaka kumi na saba, mwembamba, mwenye kucheka kwa kuziba mdomo, mwaka ule wa 1968 walipotangaziwa skulini kwao kwamba wanafunzi wa fomu tatu hawatorudi tena majumbani baada ya masomo ya asubuhi. Serikali imetaka vijana wamalize skuli wakiwa na kazi mikononi. Wavulana wakagawiwa useremala, umeme na ufundi wa magari. Wasichana wengi wakatiwa kwenye ushoni na taipu. Shemsa na wenzake wachache wakaambiwa, "Nyinyi hospitali, wodi ya wazazi."

Nyumbani kwao Mkunazini habari ile haikupokewa vizuri. Mama yake, Bi Biasha, alikuwa akichambua mchele. Akauweka ungo chini.

"Mtoto mwari, akatazame watu wanazaa? Nani atakuja kumposa huyu?"

Baba yake alikuwa fundi bati, mtu wa maneno machache. Alimaliza kikombe chake cha chai ndipo akajibu. "Mwache ende. Tabia tulimuozesha na skuli hakuimaliza. Huyu naye tumnyime?"

Tabia alikuwa dada yake Shemsa, mkubwa wake kwa miaka mingi. Ndiye aliyembeba mgongoni, ndiye aliyemsuka nywele, ndiye aliyemfundisha kusoma herufi kwa kuziandika kwa mkaa sakafuni. Siku aliyoolewa na kupelekwa Paje, kwa mume wake Mcha aliyekuwa akichoma chokaa, Shemsa aligoma kula mpaka akapigwa.

Basi Shemsa akaenda hospitali. Mkunga mkuu wa wodi ile aliitwa Bi Mwatima, mwanamke mnene, mwenye sauti nzito, asiyevumilia mtu kuburura viatu. Siku ya mwanzo Shemsa aliposhuhudia mtoto anazaliwa, machozi yalimtoka yenyewe, akageuka akatazama ukutani.

"We mtoto!" akaita Bi Mwatima.

"Naam."

"Kama unalia, lia, lakini taa ishike vizuri. Mie sioni."

Shemsa akaishika taa huku analia. Tangu siku ile wakapendana, ingawa Bi Mwatima hakuwa mtu wa kumwambia mtu anampenda. Alimfundisha kuosha mikono mpaka kwenye viwiko, kuhesabu mapigo ya moyo, kumsemesha mzazi kwa upole hata anapotukana. Alimshika mkono akauweka juu ya tumbo la mzazi aliyekwishajifungua.

"Umesikia? Gumu kama danzi. Fuko la uzazi likishatoa mtoto linatakiwa liwe hivi. Siku utakayolikuta laini kama unga wa maandazi, usiniite kwa adabu. Piga ukelele, nije na sindano ya kukata damu."

Muda si muda Shemsa akawa hodari. Akifika nyumbani jioni, buibui halijavuliwa, keshaanza kuhadithia, na mama yake, aliyekuwa hataki hata kusikia, akawa ndiye wa kuuliza, "Na yule wa Bumbwini je, kajifungua?"

Ramadhani ilipoingia skuli zikafungwa, na Shemsa akaenda Paje kumsaidia dada yake. Tabia alikuwa na mimba kubwa, ya pili. Wa kwanza alizaliwa hapo hapo kijijini, mtoto wa kike, akafa kwa homa kabla ya kutambaa. Shemsa alimpima tumbo dada yake kama alivyofundishwa, akasikiliza, akatikisa kichwa kama Bi Mwatima, na Tabia akacheka hadi akajishika kiuno.

"Daktari wangu huyo! Haya, niambie, ntazaa lini?"

"Karibu. Lakini dada, twende mjini. Ukajifungulie hospitali."

"Kwenda mjini na njia hii na mvua hizi, nikazae juu ya gari? Bi Sichana alinizalisha salama mara ya kwanza. Na safari hii wewe upo. Mie naogopa nini?"

Shemsa hakumsukuma tena. Moyoni alifurahi kwamba dada yake, aliyemfundisha herufi, sasa anamtegemea yeye.

Uchungu ulianza alfajiri, baada ya daku. Bi Sichana, mkunga wa kijiji, kikongwe mwenye mikono myepesi, alikuja na mafuta yake ya nazi. Kila kitu kilikwenda vizuri. Kabla ya adhuhuri mtoto wa kiume alitoka akilia kwa nguvu, na kondo la nyuma likafuata bila taabu. Tabia alimwangalia mwanawe akasema, "Pua ya baba huyu." Bi Sichana akapiga vigelegele dirishani.

Shemsa ndiye aliyeliona kwanza. Kanga aliyoikunja chini ya dada yake ilikuwa imeloa, akaiondoa, akaweka nyengine, na hiyo nayo ikaloa. Akaweka mkono tumboni. Lilikuwa laini.

Hakuna mtu aliyeusahau ukelele alioupiga. Mcha alikuja mbio kutoka uani.

"Tafuta gari, shemegi! Sasa hivi! Anatokwa na damu!"

Mcha alitoka bila viatu. Shemsa akaanza kulisugua tumbo lile kwa nguvu zake zote, kama alivyomuona Bi Mwatima akifanya. Akamwambia Bi Sichana amuweke mtoto kwenye ziwa, na bibi yule akatii. Wakamnyanyua miguu. Tumbo likakaza kidogo, Shemsa akamshukuru Mungu, kisha likalegea tena. Akasugua mpaka mikono ikafa ganzi. Alijua kitu gani kinatakiwa. Alikijua kichupa chake, alijua kinakaa rafu gani ya kabati, na aliujua mkono wa Bi Mwatima unavyoipiga ncha ya sindano kwa kidole kabla ya kudunga. Kila kitu alikijua, na hakuwa nacho.

"Shemsa," akasema Tabia, "mbona baridi?"

"Mvua hii, dada. Itapita."

"Usilie, basi. Mtoto atashtuka."

Lori pekee la kijiji lilikuwa limepeleka chokaa mjini tangu asubuhi. Mcha alikimbia mpaka Jambiani, akalikuta la kuchukulia nazi, akamlilia dereva aliyekuwa amefunga, amechoka, na njia imejaa tope. Lilipofika Paje alasiri ilikuwa inakwisha. Mtoto wakamwachia Bi Sichana, wakamlaza Tabia nyuma juu ya mikeka, kichwa chake mapajani kwa Shemsa, na Shemsa akaendelea kulisugua tumbo katika kila shimo na kila kona, huku Mcha amewafunika na turubai. Msitu wa Jozani waliupita Tabia anaitika akiitwa. Walipokaribia Tunguu hakuitika. Shemsa alitafuta mapigo mkononi, akatafuta shingoni, akaweka sikio kifuani, akarudia tena mkononi.

"Mwambie dereva asimame," akasema.

"Kwa nini asimame? Mjini si hapo tu?"

Shemsa akamfunika dada yake uso kwa kanga, na Mcha akaelewa. Alimtazama mkewe, kisha akamtazama Shemsa, maji ya mvua yanamchuruzika usoni.

"Na kusoma kote huko," akasema. "Kumbe walikufundisha nini?"

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayeuliza kweli, anayetaka kujua.

Tabia alizikwa Paje siku ya pili. Mtoto akaitwa Simai, na Bi Biasha akamchukua mjini kumlea. Matangani wanawake walimsifu Shemsa, wakasema amefanya yote ambayo mtu angeweza, na Bi Sichana alimshika mikono mbele ya watu akalia. Maneno yao yote hayakumuingia. Lililomuingia lilikuwa moja tu, la Mcha.

Skuli zilipofunguliwa alirudi hospitali. Alifika mpaka kwenye mlango wa wodi, akasikia mzazi analalamika ndani, akarudi nyuma na kitambaa cha kichwa mkononi, hajakifunga. Bi Mwatima alikuwa keshasikia habari. Akamtoa nje, akamkalisha barazani, akakaa naye.

"Hata mie ningekuwa Paje siku ile, mikono mitupu, nisingemuokoa," akasema.

"Najua."

"Basi usijibebeshe."

"Bi Mwatima," akasema Shemsa, "sisi mmetufundisha tuijue ile sindano. Lakini sindano zote ziko hapa kabatini, na watu wanazalia Paje. Mlitaka tukazifanye nini huko, tuzikumbuke?"

 Bi Mwatima alikuwa ameifanya kazi ile tangu ujana wake, ameshaomba mara nyingi wakunga wa shamba wapelekewe dawa, na ameshajibiwa mara nyingi kwamba itafikiriwa. Akamfuta Shemsa uso kwa ncha ya kanga yake. 

Wiki ile ile Shemsa akaomba kuhamishwa. Walimu walimsihi, baba yake alimsihi, hakubadilika. Akamalizia mafunzo yake kwenye taipu, na alipomaliza skuli akapewa kazi katika ofisi moja karibu na Forodhani. Alipiga taipu vizuri, bila ya makosa, bila ya furaha. Waliokuja kumposa aliwakataa mmoja mmoja, yeye na Bi Biasha wakawa wanamlea Simai.

Siku moja ya mwaka 1971 alitoka ofisini akamkuta Mcha amesimama kivulini, amevaa kanzu safi, kofia ameivua ameishika mkononi. Alikuwa ameoa tena, msichana wa kwao aitwaye Kurwa.

"Shemegi," akasema, na macho yake yako chini. "Kurwa ana mimba. Mie silali. Kila nikifumba macho naliona lile turubai. Njoo Paje ukae naye."

"Mie si mkunga, Mcha. Niliacha."

"Wewe unajua."

"Kujua si kitu. Mlete mjini. Kabla mwezi wake haujaingia, mlete."

Mcha alimleta. Na mwanamke aliyempokea Kurwa mlangoni, akamtandikia kitanda alicholalia Tabia alipokuwa msichana, akampikia uji wa pilipili manga kila asubuhi, alikuwa Bi Biasha. Kuna siku Shemsa alimkuta mama yake anamsuka Kurwa nywele barazani, anamsuka taratibu, machozi yanamdondoka nyuma ya kichwa cha mwenzake ambaye hana habari. Shemsa akapita zake ndani.

Uchungu ulipomshika Kurwa, ni Shemsa aliyempeleka hospitali, amemshika kiuno. Bi Mwatima, kichwa sasa kimejaa mvi, alifungua mlango wa wodi.

"Shikamoo, Bi Mwatima."

"Marahaba, mwanangu. Ingia. Nafasi yako ipo."

"Ntakaa hapa nje."

Akakaa kwenye benchi, Mcha akakaa mwisho wa benchi ile ile. Walikaa asubuhi nzima. Mara moja Kurwa alipiga kelele, na mikono ya Shemsa ikaanza kusugua mapaja yake mwenyewe, inasugua, inasugua, mpaka Mcha akaiona akageuza uso.

Bi Mwatima alitoka anafuta mikono. "Mtoto wa kike. Na mama mzima. Alitaka kututisha kidogo na damu, nikampiga sindano, ikakata."

Mcha akainama akalia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya watu. "Shemsa, lile neno nililokwambia Tunguu..."

"Neno gani?" akasema Shemsa.

"Unalijua."

"Nenda kamuone mwanao, Mcha."

Alipokwisha kuingia, Shemsa akabaki peke yake ukumbini. Sindano imekata damu. Kitu kidogo kama kile, na mwanamke yumo ndani anaulizia chai. Alifurahi kwa ajili ya Kurwa, kweli alifurahi, na ndani ya furaha ile kikampanda kilio ambacho hakukilia Paje wala matangani. Akajifunika uso kwa buibui lake, akalia mpaka wauguzi wakaacha kupita njia ile.

Kisha akateremka ngazi, akaenda kazini. Alikuwa amechelewa, na hakuna aliyemuuliza sababu.