Aliyesema Asante Mapema

Mto Paraguay ulipopanda mwaka ule na kuingia majumbani bila hodi, kila mtu wa mtaa wa Chacarita alibeba alichoweza. Mmoja alipanda kilima na friji mgongoni, mwingine na jogoo wake wa mapigano, mwingine na mlango mzima pamoja na fremu yake. Ña Deolinda, muuza majani ya terere, kile kinywaji baridi cha kufyonza kwa mrija, aliokoa kikapu cha majani, mchi wa kutwangia, na kifurushi kimoja kilichofungwa kwa kitambaa cha meza. Kikapu alikubali kubebewa. Kifurushi alikikumbatia mwenyewe mpaka juu uwanjani, karibu na kanisa kuu. "Kiguse uone," alimwambia jirani aliyetaka kumpokea. Alikuwa ameshapita miaka sabini, na mwili ulikuwa umezeeka wote isipokuwa mdomo.

Uwanjani waligawiwa mbao nyembamba na mabati, kila mtu ajijengee kibanda. Wakapangwa vilevile walivyoishi kule chini, jirani kwa jirani, eti watu wasigombane. Ndivyo Deolinda alivyojikuta ametenganishwa kwa ubao mmoja tu na Ña Porfiria, mwanamke ambaye yeye hakuwa amempa hata pembe moja ya terere kwa zaidi ya miaka arobaini. Kule chini walau palikuwa na ukuta wa matofali kati yao. Hapa huyu akikohoa, yule anaamka.

Deolinda alikuwa na sababu yake, na aliitunza vizuri kuliko vyombo vyake.

Enzi za yule jenerali aliyeitawala nchi kwa hofu, mchana mmoja wa joto kali, walikaa watu watano uani kwake: yeye na mumewe Anastasio, Porfiria na kaka yake Tranquilino, na Karai Eladio, fundi viatu, baba wa ubatizo wa binti yake Deolinda. Anastasio na Tranquilino walikuwa wapagazi bandarini. Walianza kusema ujira ni mdogo, kisha wakasema ni kwa nini ni mdogo, kisha wakataja majina yasiyotajwa. Deolinda alikuwa akimimina maji ya barafu kwenye pembe ya ng'ombe yenye majani, na pembe ikizunguka mkono kwa mkono. Mzunguko wa pili tu, Porfiria alifyonza mrija, akarudisha pembe, akasema, "Asante." Akainuka, akaenda kwake.

Kila aliyekunywa terere anajua: ukisema asante umemaliza, hutapewa tena. Na nani anamaliza kwenye mzunguko wa pili, jua linachoma na barafu haijaanza hata kuyeyuka? Kabla jua halijazama, gari jekundu la polisi lilisimama mlangoni. Eladio alikuwa ameshakwenda zake. Walichukuliwa Anastasio na Tranquilino. Anastasio alirudi baada ya miezi kadhaa, bila meno ya mbele na bila maneno. Tranquilino hakurudi kamwe.

Siku ya pili yake, Karai Eladio alikuja kumpa pole. "Dada Deolinda," alimwambia, machozi yakimlengalenga, "sitaki kumtaja mtu. Lakini angalia nani aliondoka wa kwanza."

Basi, kikulacho ki nguoni mwako. Wakati huo mji ulijaa watu walioitwa wenye nyayo za manyoya, kwa sababu hukuwasikia wakija. Walikusikiliza, wakaenda kukuuza. Deolinda aliamini mmoja wao alikuwa upande wa pili wa ukuta. Atamuuzaje kaka yake wa damu? Jibu alikuwa nalo: nyumba ya mama yao, si Porfiria alibaki nayo peke yake? Na kulikuwa na jambo jingine lililomkondesha zaidi. Tangu siku zile Porfiria hakuwahi kukomea mlango wake usiku. Chacarita hiyo, ambako suruali haikauki kambani kabla haijapata mwenyewe mwingine! Mtu analalaje mlango wazi asiogope, kama si kwa sababu ana marafiki polisi? Alichokitaka Deolinda kabla hajafa ni kimoja tu: amsikie Porfiria akisema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba ni yeye.

Na Mungu ana mzaha wake. Deolinda alikuwa ameokoa mchi, lakini kinu chake kilielea mbele ya macho yake, kikakata kona na kupotea. Bila kinu majani hayatwangwi, na bila kutwanga hakuna biashara. Siku ya tatu Porfiria alisimama mlangoni pake.

"Naona una mchi," alisema.

"Nina mchi. Ni kosa?"

"Mimi nina kinu. Mchi wangu sasa hivi uko Ajentina, unatalii."

"Si ungeufuata."

"Ningeufuata, lakini nani angekukoholea usiku?" Porfiria aliweka kinu chini, katikati kabisa ya vile vibanda viwili. "Mimi natwanga, wewe unauza. Faida nusu kwa nusu. Ukikataa, kaa na fimbo yako."

Deolinda alikubali, na si kwa ajili ya faida. Alijiambia: muache aongee. Njia ya mwongo ni fupi. Atasema hili leo, kesho atasema lile, mwishowe atajikwaa. Kila asubuhi, wateja wakishapungua, alitengeneza terere, akamtilia Porfiria pembe kwa mkono wake mwenyewe, akasubiri.

Porfiria alikunywa. Akasema mvua itanyesha. Akasema muhogo umepanda bei. Siku nzima ikapita na mvua na muhogo.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Deolinda aliona kwamba huyu mwanamke hatatoa kitu mpaka apewe kitu. Akamtupia chambo, kipande cha maisha yake alichodhani hakina thamani: jinsi baba yake alivyomleta mjini kutoka Caazapá akiwa mtoto, akamwacha kwenye nyumba ya wenyewe afanye kazi kwa chakula na shule. Chakula kilikuwa makombo, na shule aliiona kupitia dirishani.

"Nililala chini ya meza ya jikoni na mbwa," alisema. "Mbwa alikuwa na blanketi."

Porfiria alisimamisha mchi. "Na bibi mwenye nyumba alikuwa anahesabu mikate ya chipa kabla ya kulala?"

"Wewe umejuaje?" Deolinda alishtuka. Nani alimpa habari hizo?

"Wote wanahesabu, mama wee! Mimi nilikuwa kwa mjane wa kapteni. Akienda misa ananipulizia unga mdomoni, akirudi anatazama kama nimeramba." Porfiria alicheka mpaka akashika kiuno. "Nilijifunza kula kwa kupanua mdomo kama mamba."

Deolinda alicheka kabla hajajizuia. Kisha akakasirika kwa kuwa amecheka. Walikuwa wameishi ukuta kwa ukuta tangu usichana, wote wawili watoto waliotumikishwa kwa watu, na hakuna aliyejua la mwenzake. Lakini usiku alijionya. Wenye nyayo za manyoya ndivyo walivyofanya kazi, alijikumbusha. Ulisema mbwa, nao wakasema mbwa.

Hata hivyo alitamani kukuche upesi. Alisimulia mama yake alivyokufa yeye hana ruhusa ya kwenda maziko. Porfiria alisimulia nahodha wa mashua ya Concepción aliyemwahidi ndoa na kumletea viatu, vyote vya mguu wa kushoto. Deolinda alikuwa amekaa na watu maisha yake yote, akitwanga majani ya dawa na kusikiliza maradhi yao, ini la huyu na kibofu cha yule, bila kutoa lake hata moja. Sasa yalimtoka, na kila yalipotoka alilala vizuri zaidi. Hilo lilimtisha.

Porfiria naye alikuwa na jicho lake. "Hicho kifurushi," alisema siku moja, "hukitui hata ukienda chooni. Kuna dhahabu?"

"Kuna yangu."

"Haya. Mwenye yake na alale nayo."

Kesho yake Deolinda alirudi kutoka kuchota maji, akamkuta Porfiria ndani ya kibanda chake, ameinama juu ya kifurushi. Ndoo ilimponyoka.

"Bati lako linavuja," Porfiria alisema, bila hata kugeuka. "Nimekisogeza kisilowe. Ningetaka kuiba ningeiba mchi."

Deolinda alilikagua fundo. Lilikuwa lake. Hata hivyo aliamua hatangoja tena.

Siku iliyofuata mvua ilinyesha kutwa, mabati yakapiga kelele, hakuna mteja. Wakakaa mlangoni kwa Deolinda na jagi la maji ya barafu. Mzunguko wa kwanza. Mzunguko wa pili. Deolinda alipopokea pembe, hakumimina tena.

"Siku hizi unakunywa mpaka maji yaishe," alisema. "Zamani ulikuwa na haraka."

"Zamani lini?"

"Siku ile, Porfiria. Mzunguko wa pili, ukasema asante, ukainuka. Nataka kujua ulikuwa unawahi wapi."

Porfiria alimtazama. Hakuonekana mwizi aliyeshikwa. Alionekana mtu aliyeulizwa swali alilolingoja mpaka akachoka.

"Nilikuwa na mimba," alisema. "Ya yule wa viatu. Hakuna aliyejua, na Tranquilino angejua angeniua. Nimekaa kwenye kiti chako cha kamba, nikasikia joto linashuka mapajani. Nikajua. Nilisema asante kwa sababu ndilo neno pekee lililokuja. Niliondoka nimeweka mkono nyuma, na nyote mlikuwa mnabishana habari za bandari."

Mvua ilizidi. Alipaza sauti kidogo.

"Ilitoka jioni ile, mimi peke yangu sakafuni. Nikasikia gari. Nikasikia viatu, nikasikia wewe unalia. Nikamsikia kaka yangu akiniita, Porfi, Porfi, mara mbili. Sikuweza kusimama, Deolinda. Nilijaribu kutambaa, sikufika mlangoni." Alijifuta uso kwa aproni. "Nilipoweza kutembea nilikuja kwako. Nikagonga. Ulikuwa dirishani, ukanitazama, ukafunga pazia."

Deolinda alikumbuka lile pazia. Lilikuwa la maua. Alikumbuka pia sketi ya Porfiria siku ile, jinsi alivyoishikilia kwa nyuma, na jinsi yeye alivyoifasiri miaka yote: anaficha kitu.

"Niliambiwa nimwangalie aliyeondoka wa kwanza," alisema.

"Nani alikwambia?"

"Karai Eladio."

Porfiria aliinua kichwa. "Mimi alinijia wiki ileile. Alinipa pole, akalia. Akasema, sitaki kumtaja mtu, lakini angalia nani atakayerudi. Kisha mumeo akarudi."

Eladio alizikwa kwa heshima zote, na Deolinda ndiye aliyempelekea maua, akamlilia kwa sauti.

"Siku ile," Porfiria aliuliza taratibu, "yeye alikunywa mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho. Aliniomba niongeze barafu."

Huenda alikuwa yeye, huenda siye; yuko kaburini na hajibu. Lakini Deolinda alijua sasa kwamba si Porfiria, na alipolijua hilo, moyo ulimshuka, kwa sababu ya kile alichokuwa nacho ndani. Angeweza kunyamaza. Hakuna mtu duniani aliyejua. Aliingia, akaleta kifurushi, akakifungua mbele ya mwenzake.

Lilikuwa shati la pamba nyeupe, iliyofumwa kwa mkono, na kola ya tarizi. Porfiria aliitambua tarizi kabla ya shati, maana ilikuwa ya sindano yake.

"Anastasio alirudi amelivaa," Deolinda alisema. "Alikuwa na homa kule ndani, na Tranquilino akavua lake akamvika. Anastasio alisema jambo hilo mara moja tu, hakulirudia mpaka kufa. Aliniambia nikupe wewe. Na nikwambie maneno ya kaka yako." Akakunja kile kitambaa cha meza. "Alisema, mwambie Porfi awe anakomea mlango. Mimi sirudi."

Porfiria alilishika shati, akaliweka puani, ingawa halikuwa na harufu ya mtu tena, ila ya sabuni.

"Hakuwa na ufunguo," alisema. "Ndiyo maana nilikuwa siukomei. Uliambiwa lini haya?"

"Wiki aliyorudi Anastasio."

"Na wewe mlango wangu ulikuwa unauona."

"Kila usiku."

Deolinda alijaza pembe, akampa kwa sababu hakujua kitu kingine cha kumpa. Porfiria alikunywa yote mpaka mrija ukalia. Akarudisha pembe.

"Asante," alisema.

Akainuka na shati lake, akaingia kwake. Kibanda hakikuwa na komeo, wala kitasa. Deolinda alisikia kitu kizito kikiburutwa sakafuni: kinu. Kikasukumwa mpaka kikagonga ubao wa mlango, kikakaa hapo. Alikaa na jagi miguuni, barafu bado haijayeyuka, asijue mlango ule umefungwa kwa ajili ya Tranquilino au kwa ajili yake. Mvua ikapungua. Ubao ulikuwa mwembamba, na alikuwa amechoka kukisia.

"Porfiria," aliita. "Umenifungia mimi?"

Kinu hakikusogea.

"Kesho uje na mchi," sauti ilisema. "Na ukija uanze mwanzo, siku aliyorudi mumeo, alivyoingia na alivyosema. Neno kwa neno, Deolinda. Usiruke hata moja."