Ukucha wa Mama Vifungo

Mama Vifungo alishona peku. Tangu alipofundishwa ufundi na shangazi yake, hakuwahi kukanyaga cherehani akiwa na kiatu. Alisema mguu ndio unaoisikia mashine, mkono unafuata tu. Chumba chake cha kazi kilikuwa cha mbele, na wateja waliokaa kwenye benchi kusubiri nguo waliuona mguu wake wa kulia ukipanda na kushuka.

Ukucha wa kidole gumba ulipogeuka manjano, ukanenepa na kuanza kumeguka kama chaki, mteja mmoja akauliza, "Fundi, umejigonga?"

"Ndiyo, kwenye ngazi," akajibu. Nyumba yake haikuwa na ngazi.

Kesho yake akavaa soksi na raba. Mishono ikaanza kwenda mrama. Mashine ilikimbia pale alipotaka itambae, na suruali ya mwalimu mmoja ikazibwa mifuko yote miwili. Akakaa kuifumua asubuhi nzima.

"Wifi, vua hicho kiatu," akasema dada wa mumewe, aliyeishi nao na kumsaidia kutia vifungo. Huyo hakujua kunyamazia kitu. "Mficha uchi hazai."

"Sina uchi wowote."

"Basi una ukucha. Lete nione."

Aliutazama, akaenda jikoni, akarudi na siki. Kwa wiki tatu Mama Vifungo aliloweka mguu kwenye beseni kila jioni, mpaka mumewe akauliza kama kuna saladi inayotengenezwa humu ndani. Ukucha haukujali. Kikafuata kitunguu saumu kilichopondwa. Kikawasha, wala hakikubadili kitu. Ndipo Mama Vifungo, kimyakimya, akachukua dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Kama inatoa doa la wino, alijiambia, itashindwaje na ukucha?

Ngozi ikaungua, ikababuka. Ukucha ukabaki na manjano yake. Siku nne hakuweza kukanyaga cherehani.

"Dawa za nyumbani zimekwisha," wifi yake akasema, akimfunga kitambaa safi. "Kesho zahanati. Nakupeleka mwenyewe, usije ukajigonga kwenye ngazi."

Daktari alikuwa mwanamke kijana, na hakukunja pua. Alitibu kwanza pale palipoungua, kisha akakata kipande cha ukucha na kukwangua unga uliokuwa chini yake.

"Si kila ukucha mnene ni fangasi, mama. Maabara ituhakikishie kwanza."

Majibu yakaja: ni fangasi. Akapimwa damu, daktari ajue ini lake liko salama, ndipo akapewa vidonge vya kumeza kila siku kwa miezi mitatu. Akaambiwa akaushe vizuri katikati ya vidole, na raba zile zisivaliwe mbichi.

"Nikivimaliza, ukucha utakuwa mzima?"

"Fangasi tunatarajia itakufa. Lakini ukucha ulioharibika haurudi, unasukumwa na mpya. Gumba linataka mwaka, pengine zaidi."

"Mwaka! Daktari, mimi gauni la bibi harusi nalimaliza kwa wiki mbili."

"Hili unashonewa, mama. Na fundi wake haharakishwi."

Mwezi wa pili wa vidonge akakata tamaa. Kila alipoinama aliona manjano. Akatupa vidonge kwenye droo ya nyuzi, akasema inatosha. Wifi yake akaketi sakafuni, akaushika ule mguu na kuuvutia kwenye mwanga wa mlango.

"Hebu tazama hapa kwenye shina."

Palikuwa na ukanda mwembamba, laini, wa rangi ya waridi. Mama Vifungo akavuta mkanda wake wa kupimia shingoni. Milimita mbili, labda na nusu. Akacheka mpaka akashika ubavu, kisha akafungua droo akameza kidonge cha siku ile.

Sasa ni mwaka na miezi miwili. Gumba limetoka safi, ila kona moja ina mkunjo. Kidole cha mwisho, ambacho nacho kilishika fangasi, bado kinasumbua, na daktari amemwonya kwamba ugonjwa huu hupenda kurudi. Kwa hiyo ana taulo yake ya miguu, na ole wake atakayeigusa.

Wiki iliyopita wifi yake aliacha vifungo, akavua kiatu cha kushoto bila kuulizwa.

"Wifi," akasema kwa sauti ya chini, "na hiki kidole changu unakionaje?"

Mama Vifungo alikitazama kwa makini, hakusema neno juu ya siki. Jumanne asubuhi walifunga mlango, wakaenda zahanati wote wawili.